Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya: Ilala ilikuwa na mameya, na majina yao tunayahitaji

Mstahiki Meya,
Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA UBAO MMOJA WA MAJINA YA MAMEYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo makusudi, ili barua hii ifanane na barua za ofisini, kwani nimeshajifunza kwamba barua isiyofanana nazo haifiki masijala, na ikifika haitoki.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Buguruni, nina miaka 71. Nilianza kwa kufundisha Siasa, vyama vingi vilipoingia ikaitwa Uraia, nikafundisha na hiyo mpaka nikastaafu. Watoto wengi wa Ilala wamepita mikononi mwangu wakijifunza diwani ni nani, meya ni nani, mkurugenzi ni nani. Baadhi yao leo ni watumishi wa umma, wanakaa nyuma ya vioo na kuniita "babu". Kwa heshima ya kiti chako nakupa shikamoo yako, ingawa kwa umri nahisi ilipaswa itoke huko kuja huku.

Sikutaka kuandika hadharani. Barua za bahasha nimeshaandika nne, katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja jina kwa sababu sitaki kijana wa watu apoteze kazi. Ya kwanza ilipewa namba ya kumbukumbu. Ya pili niliambiwa niifuatilie ile ya kwanza. Ya tatu mhusika alikuwa likizo. Ya nne sina habari nayo. Jumanne iliyopita nikaenda mwenyewe kwa miguu yangu hii miwili ambayo mmoja ni wa mazoea tu, na yaliyonikuta huko ndiyo yaliyonikalisha mezani kuandika haya.

Mtaani kwetu kuna kiwanja. Nikisema kiwanja usiufikirie Uwanja wa Mkapa. Ni kipande cha vumbi ambapo watoto wa kiume wanacheza chandimu, wa kike wanacheza rede, na ukitokea msiba ndipo tunapofunga maturubai, kwa kuwa nyumba zetu zimebanana na vichochoro vyake jeneza linapita kwa ubavu. Miaka mingi iliyopita aliyekuwa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, Mungu amrehemu, alikwenda manispaa akarudi na barua ya ukurasa mmoja inayosema eneo lile libaki wazi kwa matumizi ya wananchi. Ina nembo, ina muhuri, ina sahihi ya Meya wa Manispaa ya Ilala. Mwenyekiti alipofariki, mjane wake aliniletea ile barua ndani ya kopo la maziwa ya unga, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye mwenye mkono wa karatasi."

Nikaiweka chini ya kitanda. Aprili 2018 Msimbazi ulipofura, maji yaliingia ndani mpaka usawa wa godoro. Kopo lilielea, kifuniko kikaachia. Tuliianika barua juani na mawe manne pembeni. Muhuri umebaki. "Manispaa ya Ilala" inasomeka. "MEYA" inasomeka. Jina la aliyesaini na mwaka vilikwenda na maji kupitia Jangwani, na nadhani vilishafika baharini kabla jua halijatoka.

Miaka ikapita, hakuna aliyeihitaji. Mwezi uliopita kiwanja kimezungushiwa mabati usiku mmoja. Nani ameyaweka sijui. Kila ninayemuuliza ananitajia jina tofauti, kisha anashusha sauti. Watoto wamehamia barabarani kucheza. Wiki mbili baadaye mjukuu wangu wa miaka tisa aligongwa na bodaboda akikimbilia mpira. Amefungwa hogo mguu wa kushoto, na usiku akigeuka analia, na akilia mimi silali, na bibi yake naye halali, ila yeye hutumia nafasi hiyo kuniuliza ile karatasi yangu ya kwenye kopo ina kazi gani.

Basi Jumanne nikaichukua ile karatasi, nimeitia kwenye nailoni, nikapanda daladala, nikasimama foleni tangu saa mbili asubuhi. Saa sita na robo nikafika dirishani. Kijana akaisoma, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mzee wangu," akasema, "Ilala haipo."

Nikamwambia mimi nimetoka huko asubuhi hii hii.

"Namaanisha manispaa. Manispaa ya Ilala ilishakwisha, sasa ni Jiji. Halafu hii imesainiwa na nani?"

"Na Meya."

"Meya gani?"

Nikamweleza habari ya mafuriko. Akanisikiliza kwa adabu, sitamsingizia. Kisha akasema, "Tuletee uthibitisho kwamba huyu aliyesaini alikuwa Meya siku aliyosaini. Jina lake, na muda aliokaa. Bila hivyo hii ni karatasi tu."

"Na orodha ya mameya wa Ilala naipata wapi?"

Akaangalia dari, kisha akaniambia, "Tafuta mtandaoni, babu."

Mstahiki Meya, nimefundisha Uraia. Orodha ya waliokalia kiti cha umma napaswa kuipata kwenye ukuta wa ofisi ya umma. Kwenye simu ya mjukuu mwenye hogo siyo mahali pake.

Niruhusu nikukumbushe jambo ambalo bila shaka unalijua vizuri kuliko mimi, kwa kuwa umekaa juu yake. Februari 2021, tarehe 24, Rais John Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki: lile jiji la zamani halikuwa na eneo lake. Chini yake kulikuwa na manispaa tano, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, na kila mwananchi alikuwa tayari na manispaa yake na meya wake. Juu yao wote akakaa Meya wa Jiji na baraza lake, na posho zake. Sikulia siku ile. Buguruni hakuna aliyelia. Wapo waliochinja kuku, kwa kuwa tulilala manispaa tukaamka jiji.

Ila angalia kilichotokea. Jiji la zamani lilikufa likaacha jina. Manispaa ya Ilala ilibaki na mwili: mipaka yake, kata zake, madiwani wake, madeni yake na mashimo yake, lakini jina likavuliwa. Kisha ule mwili ukavishwa lile jina. Halmashauri unayoiongoza ni Ilala iliyovaa kanzu ya marehemu. Sasa mimi nauliza, na nauliza kwa heshima: waliokutangulia kwenye kiti hicho ni akina nani?

Ukifuata jina, basi mtangulizi wako ni Kleist Sykes, aliyekuwa Meya wa Jiji kuanzia mwaka 2000 mfumo wa manispaa tatu ulipoanza. Mtoto wa Abdulwahid Sykes, mjukuu wa yule Kleist wa African Association, chama kilichoitangulia TANU. Baada yake Adam Kimbisa. Baada yake, kuanzia 2010, Didas Masaburi, ambaye alifariki mwaka 2016. Kisha Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni kule Kigamboni, aliyechaguliwa Machi 2016 baada ya uchaguzi kuahirishwa na kuahirishwa pale ukumbi wa Karimjee mpaka watu wakaanza kuugeuza utani, na akaondolewa kwa kura za madiwani Januari 2020 kwa vurugu ambazo nazo zilifika mahakamani.

Ukifuata mwili, watangulizi wako ni wengine kabisa. Ni Abuu Jumaa, aliyekuwa Meya wa Ilala kabla ya uchaguzi wa 2010. Ni Jerry Silaa, diwani wa Ukonga, aliyekabidhiwa kiti mwaka huo akiwa kijana wa miaka ya ishirini, na ambaye baadaye nchi nzima ilimjua kama Waziri wa Ardhi. Ni Charles Kuyeko, diwani wa Bonyokwa, wa Chadema, aliyeingia Januari 2016 wapinzani walipokuwa wengi barazani. Ni Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti, aliyeanza kama naibu meya kwa tiketi ya CUF, akahamia CCM mwaka 2018, akaja kukikalia kiti chenyewe. Huyu ndiye aliyekuwa mezani jina lilipobadilika: aliingia akiwa Meya wa Ilala, akawa Meya wa Jiji la Dar es Salaam bila kuhama kiti.

Umeona mchanganyiko huo? Muulize kijana yeyote pale kituo cha daladala nani alikuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 2012. Atakwambia Silaa. Siyo. Silaa alikuwa wa Ilala. Wa Jiji alikuwa Masaburi. Muulize mwingine habari ya Boniface Jacob: mmoja atasema alikuwa Meya wa Kinondoni, mwingine atabisha kwamba alikuwa wa Ubungo, watashikana mashati, na wote wawili wako sahihi, kwa sababu alianza Kinondoni na Ubungo ilipokatwa kutoka Kinondoni akaenda kuwa Meya huko. Sasa kama vijana wa kijiweni wanagombana kwa miaka kumi tu iliyopita, wewe unadhani mtoto atakayezaliwa mwaka huu ataelewa nini?

Na isitoshe, hii si mara ya kwanza kwa mji huu kukatwa kumbukumbu. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti cha umeya alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwaka 1960: mzaliwa wa Ujiji, mshairi, mtu aliyewaandikia Waswahili sheria za kutunga mashairi. Desemba 10, 1961, siku moja baada ya uhuru, tukawa jiji. Sheikh Amri akaenda kuwa waziri na akafariki mwaka 1964, hajafika miaka arobaini na mitano. Arusha wana uwanja wenye jina lake, wa kupigia mpira. Mimi mwenye kiwanja cha mabati hilo linaniuma kwa njia ambayo watu wa Arusha hawatanielewa.

Mwaka 1972 ikaja sera ya Madaraka Mikoani, mabaraza ya miji yakafutwa, na meya akafutwa nayo. Nilikuwa kijana. Nakumbuka taka, nakumbuka mifereji, nakumbuka kipindupindu cha mwishoni mwa miaka ya sabini ambacho ndicho, kwa ninavyoona mimi, kilichowarudisha akili wakubwa. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na sheria tunayoitumia mpaka leo ikatungwa 1982. Halafu 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye akalivunja baraza la jiji, ikawekwa Tume chini ya Charles Keenja mpaka mwaka 2000. Keenja hakuchaguliwa na yeyote kuwa meya, na hakuwa meya. Lakini muulize mtu wa rika langu meya gani anamkumbuka, tisa kati ya kumi watakutajia Keenja. Hiyo peke yake inakuonyesha mameya wetu tumewahifadhi vipi.

Kwa nini iko hivi? Nina dhana zangu, na kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nitazisema kama dhana.

Ya kwanza ni kwamba sisi hatumchagui meya. Sisi tunamchagua diwani, madiwani wanakwenda kuchaguana wao kwa wao ukumbini. Siku meya anapochaguliwa, mtu wa Gongo la Mboto yuko kwenye foleni ya maji. Anakuja kumjua meya akiona gari lenye bendera, na gari likipita, amempita. Mkurugenzi anateuliwa na Rais na ndiye mwenye kalamu ya fedha. Mkuu wa wilaya naye anateuliwa na Rais na ndiye tunayemwona kwenye taarifa ya habari. Meya ana joho na mkufu. Naibu wake anachaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja, hata jina halijazoeleka ameshatoka.

Ya pili inanikera zaidi. Nahisi watu wanaogopa orodha kwa sababu ya vyama. Orodha ya mameya wa Ilala ina CCM ndani yake na ina Chadema ndani yake. Pengine mtu fulani anadhani akilitundika jina la Kuyeko ukutani atakuwa ameipigia kampeni Chadema, na kesho akija mwingine atadhani akilitundika la Silaa ameipigia CCM. Yule kijana wa dirishani, kabla hajanirudishia karatasi, alinyamaza kidogo akaniuliza, "Kwani hii ilikuwa wakati wa kina nani?" Hakusema chama. Lakini mimi nimeishi nchi hii tangu kabla ya uhuru, najua swali likivaa nguo za swali jingine. Huenda namsingizia. Kama namsingizia, anisamehe.

Ya tatu ni uvivu tu.

Nirudi kwenye "Ilala haipo". Mstahiki Meya, wilaya ya Ilala ipo. Mkuu wa Wilaya ya Ilala yupo, anaapishwa, ana ofisi. Soko la Ilala lipo. Kata ya Ilala ipo. Mtu akifa hospitali ya Amana anafia Ilala. Kilichobadilika ni jina la halmashauri, na serikali haizaliwi upya kwa kubadilishiwa jina, la sivyo na mimi ningebadilisha langu madeni ya dukani yaishe. Manispaa ya Ilala iliishi kuanzia 2000 mpaka Februari 2021. Miaka ishirini na moja! Katika miaka hiyo ilisaini vibali, mikataba, vyeti, barua za maeneo ya wazi, makubaliano na vikundi vya akina mama. Karatasi hizo ziko chini ya vitanda vya watu kuanzia Upanga mpaka Chanika. Kila moja imesainiwa na mtu. Siku mwenye karatasi atakapoambiwa "thibitisha huyu alikuwa nani", atakwenda wapi?

Na nikukumbushe, kwa upole kabisa, ahadi. Kila uchaguzi wagombea udiwani wanapita mtaani kwetu, na kila mmoja amesimama palepale kiwanjani, kwa sababu ndipo penye nafasi, akatuahidi kwamba maeneo ya wazi yatalindwa. Nilikuwepo. Mmoja aliahidi akiwa amesimama juu ya kiti changu mimi, nilikitoa ndani, na mguu mmoja wa kile kiti ukavunjika, sikudai. Leo mabati yamesimama mahali aliposimama yeye. Sisemi ni wewe. Wewe si yule. Nasema ahadi ilitolewa kwa kipaza sauti, na kukanushwa kwake kumekuja kwa dirisha lenye kioo.

Mwanzoni nilitaka kukuomba mengi. Rasimu ya kwanza ya barua hii ilikuwa na madai kumi na moja. Niliomba mabati yatolewe. Niliomba masijala ya iliyokuwa manispaa ifunguliwe kwa wananchi siku moja kwa wiki. Niliomba mihutasari ya vikao vya baraza vilivyokuwa vikikaa pale ukumbi wa Anatoglo iwekwe mahali ambapo mwalimu na wanafunzi wanaweza kuisoma. Niliomba fidia ya hogo. Niliomba niombwe radhi. Mke wangu akaisoma akasema, "Ukiomba kumi na moja watakupa kamati."

Kwa hiyo nimefuta kumi. Limebaki moja.

Naomba ubao. Ubao mmoja, mlangoni, upande wa nje ambapo hata mlinzi akinizuia getini naweza kuusoma. Uandikwe: Mameya wa Manispaa ya Ilala, 2000–2021. Jina, mwaka aliyoingia na mwezi wake, mwaka aliyotoka na mwezi wake. Wote, tangu wa kwanza. Aliyemaliza muhula na aliyekatizwa. Wa CCM na wa Chadema na aliyekuwa CUF akahama. Sihitaji picha zao, sihitaji wasifu, sihitaji kujua walifungua miradi gani. Na chini yake, mkipenda, orodha ya pili ya mameya wa lile Jiji lililovunjwa, ili vijana wa kijiweni waache kushikana mashati.

Kama ubao huo upo tayari ndani, ukumbini, nyuma ya viti vya waheshimiwa, basi nashukuru, na naomba ugeuzwe utazame nje.

Ukinipa ubao, mimi nitamaliza mwenyewe. Nitakaa na wazee wenzangu, tutahesabu: mwenyekiti alikwenda lini manispaa, mtoto wa nani alikuwa hajazaliwa, paa la msikiti lilikuwa la bati au la makuti. Tutapata mwaka. Mwaka utanipa jina. Jina litanipa mtu, na kama yu hai nitamfuata alipo, nitamwonyesha sahihi yake iliyobaki nusu, nimwombe aandike mstari mmoja kwamba ni yake. Kisha nitarudi dirishani. Saa mbili asubuhi, foleni ileile.

Ubao wa mbao una gharama, naelewa. Kuna taratibu za manunuzi, kuna zabuni, kuna mwaka wa fedha. Basi hata karatasi. Karatasi moja, imechapwa, imepigwa muhuri wa sasa, imebandikwa ukutani kwa gundi. Nitakuja kuinakili kwa mkono. Kalamu ninayo, na nailoni ya kuitilia ninayo.

Nimesikia wakubwa hawapendi barua za wazi, wanasema ni utovu wa nidhamu. Nimekuwa mwalimu miaka mingi na nidhamu naijua. Mtoto aliyenyoosha mkono mara nne hajaitwa, mara ya tano akisema bila kuitwa, mwalimu mwenye busara hujiuliza alikuwa anaangalia wapi.

Sina barua pepe. Nipo Buguruni, asubuhi utanikuta kwenye kahawa, jioni niko kizingitini na mgonjwa wangu, tunahesabu bodaboda. Ukimtuma mtu, aulizie "Mwalimu wa Uraia", wataniita.

Na ukinijibu kwa maandishi, Mstahiki Meya, nakuomba jina lako liandikwe kamili chini ya sahihi, kwa wino usioyeyuka, pamoja na tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Buguruni, Ilala.